Shajara ya mradi: kanuni za "taja ule" kwa karata za kijiweni, Mikindani

31 Mei

Lengo la mradi ni ukurasa mmoja wa kanuni kwa Kiswahili, unaoweza kubandikwa ukutani kijiweni na watu wakacheza bila mimi kuwepo. Mchezo wenyewe Waingereza wanauita Oh Hell. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa tayari unachezwa Uingereza na New York, na tangu hapo umezaa watoto wengi: Wagujarati wana Kachuful, Kanada kuna Wizard ya Ken Fisher iliyotoka mwaka 1984 na pakiti yake maalumu ya karata 60.

Kiini chake ni kifupi. Kabla ya kucheza, kila mtu anaziangalia karata zake na kutaja atakula mara ngapi, yaani atashinda mizunguko mingapi ya kutupa karata mojamoja. Akila idadi ileile aliyotaja, anapata pointi. Akizidisha au akipunguza, hata kwa moja, hapati kitu. Kanuni nyingine zote zipo ili kuifanya ahadi hiyo iwe ngumu kuitimiza.

Kijiwe chenyewe kiko Mikindani, upande wa bahari, kwenye kivuli cha mkungu. Wa kudumu ni wanne: babu mmoja aliyewahi kubeba mizigo bandarini Mtwara, fundi pikipiki, kijana wa bodaboda, na mama muuza kahawa ambaye hukaa na birika lake pembeni na huingia pale mtu mmoja anapokosekana. Wote wamekulia kwenye wahedi na sitini, mchezo wa karata wa kufikisha pointi 61. Kula, kufuata aina iliyotolewa, turufu (aina inayozila nyingine zote), hayo sina haja ya kuwafundisha. Hela mezani hakuna, tumekubaliana tangu mwanzo, na ikifika adhana ya alasiri karata zinafunikwa zilivyo.

7 Juni

Jaribio la kwanza, kwa mdomo tu, bila karatasi. Nimeona ugumu utakuwa wapi.

Katika wahedi na sitini, karata nene ni neema siku zote. Ree (A) ina pointi 11, seti (karata ya 7) 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Jumla 120, ukifika 61 umeshinda. Mtu akiipata seti mkononi anaichekea. Sasa hapa unamwambia fundi kuwa ametaja moja, ameshakula moja, na ile seti aliyobaki nayo ni mzigo anaotakiwa kuutua. Anakuangalia kama umechanganyikiwa. Alipata nafasi ya kuitupa chini ya ree ya babu, hakuitupa. "Seti yangu nimpe yeye?" Mzunguko uliofuata akaila kwa hiyohiyo seti, jumla mbili, akatoka bila kitu, na bado alikuwa anaona kafanya vizuri.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya karatasi haitakuwa juu ya kugawa wala turufu. Itakuwa: "Kula zaidi ya ulichotaja ni kosa sawa na kula pungufu."

8 Juni

Suala la pakiti. Kanuni za Oh Hell zinatumia karata zote 52, ree juu, halafu mzungu wa nne, wa pili, wa tatu, kumi, na kuendelea kushuka. Kijiweni kwetu 8, 9 na 10 zimelala ndani ya boksi toka pakiti iliponunuliwa, na seti inakaa chini ya ree tu. Mzungu wa tatu anamla wa pili. Niking'ang'ania mpangilio wa Waingereza nitatumia mwezi mzima kuamua ugomvi wa nani kamla nani.

Nimeamua: karata 40, mpangilio wetu. Ree, seti, mzungu wa nne, wa tatu, wa pili, 6, 5, 4, 3, 2. Si kwa ajili ya mazoea peke yake. Wachezaji wanne wakigawiwa karata 7 kila mmoja, zinatoka 28, moja inafunuliwa kuwa turufu, zinabaki 11 zimelala. Kwa pakiti ya 52 zingelala 23. Zinavyolala chache ndivyo mtu mwenye akili anavyoweza kuhesabu, na mchezo wa kutaja idadi kamili bila kuhesabu ni bahati nasibu.

Wakiwa watano bado 7 inawezekana: 35 na turufu moja, 36. Wakiwa sita waanze na 6. Saba waanze na 5, ila saba ni wengi, kahawa inapoa kabla zamu haijakurudia.

14 Juni

Leo nimewapa kanuni ya mgawaji, na mchezo umebadilika sura.

Kutaja kunaanzia kwa aliye kulia kwa mgawaji na kuzunguka. Mgawaji anataja mwisho. Yeye amewasikia wote, ana faida. Ili alipe faida hiyo, anakatazwa kutaja namba itakayofanya jumla ya waliotaja wote ilingane na idadi ya karata za raundi. Karata ni 5, watatu wametaja jumla 3, mgawaji haruhusiwi kusema mbili. Aseme moja, tatu, kapa (yaani sifuri), chochote, ila si mbili.

Maana yake ni kwamba katika kila raundi lazima mtu mmoja angalau ataanguka. Bila kanuni hii meza nzima inaweza kutaja vizuri na kula vizuri, kila mtu akafurahi, na mchezo ukafa kwa amani. Wapo wanaocheza bila kanuni hii, mimi siwaelewi.

Jambo la pili linalotokana nayo, na hili nimelipa mstari wake kwenye karatasi: baada ya mgawaji kutaja, jumla ama imezidi idadi ya karata ama imepungua. Ikizidi, raundi hiyo ni ya kugombea, karata hazitoshi kwa wote walioahidi, kwa hiyo kula mapema. Ikipungua, kuna mzunguko usiokuwa na mwenyewe, na kila aliyekwisha kutimiza anausukuma kwa mwenzake. Babu alilishika hili mara moja. Alianza kuuliza kabla ya karata ya kwanza kutupwa: "Tumezidi au tumepungua?" Sasa wote wanauliza.

Kijana wa bodaboda alipendekeza watu wataje kwa pamoja, kwa kunyoosha vidole, ili pasiwe na mtu wa kusikia wenzake. Njia hiyo ipo kweli, kuna wanaoicheza hivyo. Babu akasema itakuwa kama lile sanduku la zamani la mnada wa korosho, kila mnunuzi alitumbukiza bei yake na hakuna aliyejua ya mwenzake mpaka lilipofunguliwa. Tumeijaribu kidogo. Inakwenda haraka, lakini inaua mazungumzo, na zaidi inaiua kanuni ya mgawaji, maana hakuna wa mwisho. Nimeiacha nje ya karatasi.

15 Juni

Fupi. Kusi limeanza kupuliza kwa nguvu, karata zinaruka. Mama kaleta vipande vya kigae vya kuzikandamizia. Pia ugomvi: fundi anasema alitaja mbili, wote wanasema tatu. Dawa: kete za bao. Ukitaja tatu unachukua kete tatu unaziweka mbele yako. Kila ukila, unasukuma kete moja juu ya karata ulizokula. Kete zikiisha na bado unakula, kila mtu anaona. Aliyetaja kapa anaweka kete moja pembeni, mbali na karata zake, kuonyesha kuwa ametaja na si kwamba amesahau. Wacheza bao wa baraza ya pili wametuazima kete kwa masharti kwamba zirudi zote.

21 Juni

Naiandika raundi moja yote kama ilivyokuwa, kwa sababu nataka kuitumia kama mfano wa kufundishia. Baada ya kumaliza niliwaomba kila mtu anikumbushe alichokuwa nacho.

Karata tano kila mmoja. Mgawaji: kijana wa bodaboda. Imefunuliwa nne ya kopa, kwa hiyo turufu ni kopa (aina nyingine tatu ni uru, pau na shupaza). Mpangilio wa kukaa kuelekea kulia: fundi, babu, mama, kijana.

Fundi alikuwa na ree ya uru, tano ya uru, mzungu wa tatu wa pau, sita ya shupaza, tatu ya kopa. Akataja moja. Sawa kabisa.

Babu: ree ya shupaza, seti ya kopa, mzungu wa pili wa uru, tatu ya uru, mbili ya pau. Akataja mbili: ree na ile seti ya turufu.

Mama: nne na sita ya pau, mbili na tatu ya shupaza, nne ya uru. Magarasa matupu. "Kapa," akasema, akamimina kahawa.

Kijana: seti ya pau, mzungu wa nne wa pau, mzungu wa nne wa kopa, mbili ya uru, tano ya shupaza. Alitaka kusema mbili. Waliokwisha kutaja jumla ni tatu, tatu na mbili ni tano, haruhusiwi. Akafikiri, akasema tatu. Jumla sita kwa karata tano, tumezidi.

Mzunguko wa kwanza: fundi anatupa ree ya uru. Na hapa babu alifanya jambo ambalo wiki mbili nyuma asingelifanya. Alikuwa na uru mbili, tatu na mzungu wa pili. Akamtupa mzungu. Anajua ree inakula, anajua mbili zake ziko kwingine, na mzungu yule angekuja kumletea matatizo baadaye. Mama nne, kijana mbili. Fundi amekula moja, ametimiza.

Wa pili: fundi sasa hataki kula tena, anatoa tano ya uru. Babu tatu. Mama hana uru, anatupa sita ya pau. Kijana hana uru, anapiga turufu, mzungu wa nne wa kopa. Anakula.

Wa tatu: kijana anatoa seti ya pau. Fundi analazimika kufuata kwa mzungu wa tatu, babu mbili, mama nne. Kijana amekula mbili.

Wa nne: kijana anatoa mzungu wa nne wa pau, akitegemea ya tatu. Fundi hana pau tena. Amebaki na sita ya shupaza na tatu ya kopa. Akiogopa kuwa turufu yake itakula, akatupa sita ya shupaza. Babu naye hana pau, anapiga seti ya kopa. Anakula. Mama anatupa tatu ya shupaza.

Wa tano: babu anatoa ree ya shupaza huku keshaanza kusukuma kete ya pili. Fundi hana shupaza. Ana karata moja tu duniani, nayo ni tatu ya kopa, turufu. Anaiweka. Inakula ree.

Fundi: alitaja moja, kala mbili. Babu: alitaja mbili, kala moja. Kijana: alitaja tatu, kala mbili, ile mbili aliyokatazwa kuitaja. Aliyepata pointi ni mama peke yake na magarasa yake. Kelele zilizopigwa hapo, mpaka wa bao wakageuka.

Babu alimgeukia fundi: "Mjukuu wangu, ile tatu ungeitupa kwenye pau ya huyu kijana. Mimi nina seti, ningekula juu yako." Na ni kweli. Angeitupa turufu ndogo pale, seti ya babu ingeimeza, fundi angebaki na sita ya shupaza chini ya ree, na watu watatu wangetimiza. Hili ndilo somo ambalo sijaona linasemwa waziwazi kwenye maelezo ya mchezo huu: kwa aliyekwisha kutimiza, turufu ndogo ni hatari kuliko ree. Ree ya aina nyingine unaweza kuitupa mahali ambapo haifuatwi na ikafa kimya. Turufu popote utakapoitupa inataka kula, isipokuwa mwenye kubwa zaidi aiokoe shingo yako.

22 Juni

Pointi. Nilianza na njia iliyoenea sana: ukitimiza unapata 10 na kuongeza idadi uliyotaja. Kapa 10, moja 11, tatu 13. Ukikosa, sifuri.

Fundi (baada ya jana) aliomba anayekosa apate angalau pointi moja kwa kila alichokula. Hiyo nayo ipo, watu wengi wanacheza hivyo. Tuliicheza Jumapili yote, na matokeo nilikuwa nayatarajia: mtu akiona ameshavunja ahadi anageuka mwizi, anakula kila kinachopita ili aokote moja moja. Wahedi na sitini imerudi kwa mlango wa nyuma. Nimerudisha sifuri. Aliyevunja ahadi bado ana kazi, kwa sababu anaweza kuwavuruga wengine, na huo ni mchezo mzuri zaidi.

Wizard inakwenda mbali: 20 ukitimiza, 10 juu yake kwa kila ulichokula, na ukikosa unakatwa 10 kwa kila hatua uliyopotea. Kwa kijiwe chetu, pointi za hasi ubaoni ni kumwita mtu jina kila siku mpaka Ramadhani. Hapana.

Mama alileta hoja ambayo bado sijaitolea uamuzi. Kapa ya karata saba si sawa na kapa ya karata moja. Kukwepa kula mara saba mfululizo ni kazi ngumu, na inalipwa 10 sawa na ile rahisi. Kuna wanaolipa kapa 5 pamoja na idadi ya karata za raundi, yaani kapa ya saba inalipa 12 na ya moja inalipa 6. Napenda hesabu hiyo. Tatizo ni kwamba inaongeza sentensi kwenye karatasi, na anayeshika ubao ni babu, ambaye anataka hesabu ya aina moja. Nimeiandika chini kama nyongeza ya hiari.

28 Juni

Idadi ya raundi. Mtindo ni kuanza na karata 7 kila mmoja, raundi inayofuata 6, kushuka hadi 1, halafu kupanda tena hadi 7. Hizo ni raundi 13. Kwa watu wanne, mmoja atagawa mara nne na wengine mara tatu. Kwa kuwa mgawaji ndiye anayebanwa, hii si haki, na mtu wa kwanza kuona ni yule aliyegawa mara nne.

Suluhisho nililolipata: raundi ya karata moja irudiwe mpaka kila mtu awe amegawa sawa na wenzake. Raundi za 7 hadi 2 kwa kushuka na kupanda ni 12. Watu watatu wakiongeza tatu za karata moja wanafika 15, tano tano kila mmoja. Wanne wakiongeza nne, 16. Watano wakiongeza tatu, 15. Sita wanaoanza na karata 6 wana raundi 10, wakiongeza mbili wanafika 12. Kila hesabu imefunga.

Na hakuna aliyelalamika raundi hizo kuongezeka, maana ndizo zinazopendwa. Karata moja tu, unataja kapa au moja. Mgawaji hapo anabanwa kama nini: watatu wakisema kapa wote, haruhusiwi kusema moja, lazima aseme kapa hata kama ameshika ree ya turufu. Mmoja akisema moja na wengine kapa, mgawaji haruhusiwi kapa, lazima aseme moja hata na mbili ya pau.

Nilikaa na kalamu kuhesabu. Wachezaji wanne, wewe unaanza, umeshika ree isiyokuwa turufu. Watu wote wangesema moja bila kufikiri. Lakini karata usizoziona ni 38 na 9 kati yake ni turufu. Uwezekano kwamba wote watatu hawana turufu ni kama asilimia 43. Chini ya nusu! Ukishika mbili ya turufu, ile ndogo kuliko zote, zimebaki turufu 8 tu huko nje, na uwezekano wa kula ni kama asilimia 48. Mbili ya turufu ni bora kuliko ree. Nilipowaonyesha, kijana wa bodaboda alikataa katakata, na bado anataja moja kila anapoona ree. Ndiye wa mwisho ubaoni.

Watoto wa mama wameongeza ufundi wao: katika raundi ya karata moja kila mtu anabandika karata yake kwenye paji la uso bila kuiangalia, anaona za wenzake na haoni yake. Si ubunifu wao, mchezo huu unachezwa hivyo sehemu nyingi duniani, ila wao waliufikia wenyewe. Na kusi linavuma, karata haikai pajini bila kushikwa.

5 Julai

Wengi hawapo, wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Tumecheza watatu na jioni kulikuwa na ming'oko ya kuchemsha. Nimetumia muda kuandika sehemu ya ushauri. Nimebakiza mambo manne, mengine nimefuta.

Hesabu za uhakika kwanza: ree ya turufu, seti ya turufu. Ree ya kawaida hesabu moja, ila angalia ina ndugu wangapi. Kila aina ina karata 10. Ukiwa na ree na nyingine nne za aina hiyohiyo, zimebaki tano kwa watu watatu, na yupo atakayeishiwa mapema na kuipiga turufu. Ree iliyo peke yake au na mwenzake mmoja inapita vizuri zaidi.

Karata za katikati ndizo zinazoangusha watu. Ree unajua itakula, mbili unajua haitakula, lakini mzungu wa tatu unaweza kufika naye mwisho hujui ni rafiki au adui. Ukipata mwanya wa kumtupa chini ya ree au seti ya mtu, mtupe mapema kama babu alivyofanya.

Kama umetaja kapa, toa ndogo na ufuate kwa kubwa kabisa isiyokula. Wageni wanafanya kinyume, wanatunza kubwa kwa "baadaye", na baadaye inafika.

La nne ni kutazama kete za wenzako kuliko karata zako.

12 Julai

Nimempigia picha karatasi shemeji yangu aliyeko Lindi mjini na kumtumia. Yeye na majirani zake wacheze bila kunipigia simu, halafu waniambie wamecheza nini. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha karatasi.

Jibu limekuja usiku. Wamecheza mpaka umeme ulipokatika. Walipokwama ni mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "asiye na aina iliyotolewa atapiga turufu au atatupa karata nyingine", na wao wakaelewa turufu ni lazima ukiwa nayo, nyingine ni kwa asiyekuwa nayo. Shemeji alisema mzee mmoja alitaja kapa, akalazimishwa kupiga turufu, akaondoka mezani na hajarudi. Sentensi sasa inasomeka: "Ukiwa huna aina iliyotolewa, tupa karata yoyote unayotaka, kupiga turufu si lazima."

Na walicheza na karata 52, kwa sababu pakiti yao ilikuwa mpya na hakuna aliyeona haja ya kuondoa kitu. Mchezo haukuharibika. Lakini shemeji mwenyewe kasema kutaja kulikuwa kwa kubahatisha mno kwenye raundi za kati.

19 Julai

Karatasi ilivyo sasa, kwa mpangilio wake:

Kula zaidi ya ulichotaja ni kosa sawa na kula pungufu. Ondoa 8, 9, 10 na jokeri, zibaki karata 40. Watu watatu hadi watano wanaanza na karata 7 kila mmoja, sita wanaanza na 6, saba na 5. Karata inayofuata inafunuliwa. Aina yake ndiyo turufu ya raundi hiyo. Kutaja kunaanzia kulia kwa mgawaji, naye anataja wa mwisho, na haruhusiwi kufanya jumla ilingane na idadi ya karata. Chukua kete kwa idadi uliyotaja. Aliye kulia kwa mgawaji anatoa karata ya kwanza. Fuata aina iliyotolewa ukiwa nayo. Ukiwa huna, tupa yoyote unayotaka. Kupiga turufu si lazima. Turufu kubwa inakula. Isipokuwapo, kubwa ya aina iliyotolewa inakula. Aliyekula anatoa inayofuata. Ukitimiza, 10 na ulichotaja. Ukikosa, sifuri. Raundi inayofuata karata moja pungufu, mpaka moja, rudieni ya moja mpaka ugawaji ulingane, pandeni tena. Kugawa kunahamia kulia kila raundi.

Inatosha upande mmoja wa karatasi kwa maandishi ambayo babu anayasoma bila miwani. Ushauri na ile kapa ya hiari vipo nyuma.

Kwa upande wa turufu, nilifikiria kuchukua njia ya Kachuful, ambako turufu haifunuliwi bali inazunguka kwa zamu: shupaza, uru, pau, kopa, halafu tena. Faida yake ni kwamba raundi ya kwanza unaweza kutumia pakiti yote, na hakuna wa kulalamika kuwa mgawaji amechungulia. Mfanyabiashara mmoja wa Mtwara mjini aliyeniuzia pakiti aliwahi kuucheza hivyo na baba yake, akaniimbia mpangilio wote bila kufikiri. Nitaijaribu kijiweni mwezi ujao, watu wakirudi kutoka mashambani.

Kilichobaki: kutoa nakala steshenari na kuzipiga lamineti, kwa sababu hewa ya chumvi hapa karatasi haimalizi mwezi. Moja ibaki mkunguni, moja iende Lindi na basi la asubuhi, moja kwa wacheza bao, ambao wameanza kudai kete zao na huku wanauliza inachezwaje.